Upepo Juu ya Kokoto

Kijana wetu aliponiuliza kwa simu kama anitumie mashine ya kupuliza majani, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilimwambia atume, tena afanye haraka kabla rafiki yake aliyekuwa akija Goma hajafunga mizigo. Nilikuwa nimekaa barazani, simu sikioni, na mke wangu alikuwa mbele yangu, ameinama, anafagia. Sikumuuliza. Yeye ndiye aliyefagia ua ule tangu tulipohamia pale, na jicho lililokuja kuharibika ni lake, lakini katika mazungumzo yale hakuwa na sehemu kubwa kuliko ya mti wa avokado.

Kijana alikuwa na nia njema. Anaishi Ulaya, kazi yake ni kutunza bustani za watu, na alikuwa amemwona mama yake kwenye video akifagia huku ameshika kiuno. Alisema kwamba kule hakuna tena mtu anayejisumbua na ufagio. Unabonyeza kitufe, majani yanakimbia yenyewe. Nilipenda sana kusikia hivyo, yanakimbia yenyewe. Nilipenda pia, na hili nalisema nikijionea kinyaa, wazo la jirani zetu kusikia kwamba kwangu kuna kitu ambacho kwao hakipo.

Parsele yetu, yaani kiwanja chetu, iko juu ya mawe, kama zote za upande wetu. Ukuta ni wa mawe meusi ya volkano, msingi wa nyumba ni wa mawe hayo hayo, na ua tuliumwagia kokoto zake ili wakati wa mvua tusikanyage matope. Kokoto hizi si kama zile za mtoni. Ni nyepesi, zina matundu kama mkate, na kingo zake zinakata. Mtoto akianguka akapiga goti, unamtoa vipande vyeusi kwa sindano. Chini ya kokoto kuna vumbi jeusi lisilokwisha. Juu yake kila asubuhi kuna uchafu wa usiku: majani ya avokado, majani ya mkaratusi wa jirani ulioinamia kwetu, avokado zilizoanguka na kupasuka, mavi ya kuku, mavi ya bata.

Mke wangu alikuwa na namna yake ya kufagia mahali kama hapo. Kwanza alinyunyiza maji kwa mkono kutoka kwenye beseni, kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi ambapo maji yetu yanatoka ziwani kwa madumu ya njano na hakuna mtu anayeyamwaga ovyo. Halafu alipitisha ufagio wa vijiti juu juu tu, kama mtu anayemchana mtoto mwenye vidonda kichwani. Majani yalitoka, kokoto zikabaki mahali pake. Avokado iliyooza aliiokota kwa jani la mgomba. Mimi nilimtazama miaka yote hiyo bila kujua ninatazama nini. Niliona mwanamke anafagia, basi.

Mashine ilivuka mpaka kutoka Gisenyi ndani ya sanduku la rafiki wa kijana. Alitusimulia kwamba mtu wa forodha aliifungua, akaushika mdomo mrefu wa mashine, akauliza kama ni ya kukaushia nywele za tembo. Tulicheka. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya machungwa, na ilitumia umeme wa ukutani, kwa hiyo ilihitaji ralonji, yaani waya mrefu wa kuufikisha umeme uani. Ndani ya sanduku kulikuwa na kijitabu cha maelekezo na miwani ya plastiki ya kukinga macho. Miwani ilikuwa moja.

Mimi nilimaliza sekondari na nikafanya kazi ya ofisi maisha yangu yote. Karatasi iliyochapwa naiheshimu kuliko inavyostahili. Nilikisoma kijitabu kile kwa Kifaransa, barazani, kwa sauti, ili wote wasikie. Kilisema mwenye mashine avae miwani na viatu vilivyofunika vidole. Kilisema mashine isitumiwe kwenye mvua wala ishikwe kwa mikono yenye maji. Kilisema pia kwamba mahali penye vumbi palowanishwe kidogo kwanza, na kwamba watu na wanyama wakae umbali wa mita kumi na tano. Hapo nilisimama nikacheka, kwa sababu parsele yetu haina mita kumi na tano kutoka ukuta hadi ukuta. Nilimwambia mke wangu kwamba tukitaka kukitii kijitabu, itabidi yeye akae sebuleni kwa jirani. Naye alicheka, lakini alikuwa akiitazama ile miwani.

Asubuhi ya kwanza nilivaa miwani, nikafunga kitambaa puani na mdomoni, nikabonyeza. Sijawahi kusikia kelele ya kuchukiza namna ile ndani ya boma langu mwenyewe. Kuku walirukia paa la jiko. Majani yalikimbia kweli, lakini hayakukimbia peke yake. Kila kitu kilikimbia. Avokado iliyooza ilipasuka kama jipu, na nyama yake ya kijani iliyogeuka nyeusi ikabandikwa ukutani na kwenye shuka lililokuwa kambani. Mavi makavu ya bata yalikuwa unga, unga ukapanda, na ingawa nilikuwa na kitambaa, nilisikia ladha yake kwenye ulimi. Ningetaka kutema, ningetema ndani ya kitambaa. Nilimeza.

Vumbi lilitua juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani ambao mke wangu alikuwa amewaanika juu ya bati. Lililobaki lilivuka ukuta. Jirani yetu, mama mwenye mkaratusi, alikuwa anapika sombe, mboga ya majani ya mihogo, upande wa pili. Alikuja hadi mlangoni kwetu na mwiko mkononi, na kwenye mwiko kulikuwa na unyoya.

"Muzee, asante ya nyama," alisema. "Lakini siku ingine utume bata muzima. Unyoya peke yake haushibishe."

Watu waliokuwa wamesimama njiani kutazama mashine walicheka hadi wakashikana mabega. Nilicheka nao, kwa sababu ningefanya nini, lakini ndani nilikuwa nimechukia. Sikuichukia mashine, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuota mizizi. Nilimchukia yule mama kwa kuliona jambo.

Mke wangu aliwaondoa sambaza kwenye bati. Aliwaosha sambaza, akawanusa, akawamwagia bata. Watu walipoondoka alichukua beseni lake, akaja kusimama karibu yangu.

"Kesho tunyunyizeko maji kwanza, papa. Hii vumbi haikujue."

Nilimwambia umeme na maji havikutani. Nilikifungua kijitabu nikamsomea mahali palipokataza maji. Mahali palipotaka vumbi lilowanishwe nilikuwa nimepasoma pia, siwezi kusema kwamba sikupaona. Yote mawili yaliwezekana: unanyunyiza kidogo, unasubiri ardhi inywe, waya unaupitisha pakavu. Mtu mwenye akili ya kawaida angeyaunganisha. Mimi nilichagua lile lililonipa kitu cha kumkataza.

"Imeandikwa," nilimwambia.

"Imeandikwa na mutu mwenye kuishi wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha ukurasa tena. Aliliweka beseni jikoni, na kwa muda mrefu ua wetu haukuguswa na maji kabla ya kusafishwa.

Basi ikawa desturi. Jirani waliita mashine elikopta, na walinisalimia njiani kwa kuniuliza leo inatua saa ngapi. Nilizoea. Nilianza hata kutoka nayo nje ya lango, kwa kadiri ralonji ilivyofika, nikawapulizia vumbi waendesha pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria pale. Walinitukana kwa adabu, kwa sababu ya mvi zangu. Ninapojiona sasa, mzee wa miwani ya plastiki iliyobana mashavu, anapeleka uchafu wake kwenye macho ya vijana wanaotafuta chakula, ninasikia haya ya mwili, kama mtu aliyekutwa uchi. Mashine ile haisafishi. Inachukua uchafu wa kwako inaupeleka kwa mwenzako, na wewe unabaki umesimama katikati ukijiona mtu msafi.

Mke wangu alipanga upya siku yake kwa ajili ya mashine. Hakuanika nguo kabla sijamaliza. Alifunika masufuria, akafunga madirisha, akawaingiza vifaranga ndani ya kikapu. Baada ya hapo alipita na kitambaa kufuta ukuta, viti, hata majani ya maua yake kwenye makopo. Kazi yake ilikuwa imeongezeka, na mimi kwenye simu nilimwambia kijana kwamba mama yake sasa anapumzika.

Siku yenyewe jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ije kusali kwetu mchana. Ilikuwa kiangazi, mvua haijanyesha kwa muda, na mkaratusi wa jirani ulikuwa umemwaga majani kana kwamba umetapika. Mke wangu aliamka mapema kuliko kawaida. Nilipotoka nilimkuta amekwisha kunyunyiza maji karibu na lango na ameanza kufagia kwa namna yake ya zamani. Pale alipofagia palikuwa pamependeza, kokoto zimelala nyeusi na safi, harufu ya vumbi lililonyeshewa. Nilimwambia aache. Nilisema umeme upo, nitamaliza ua mzima kabla chai haijachemka, na kwamba ananilowanishia mahali waya utakapopita.

Alisimama na ufagio mkononi. Alisema wageni watakaa palepale, na vumbi la mashine halitui upesi. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba siku hiyo moja nimwachie. Nilikwisha kuvaa miwani. Nilimwambia asimame nyuma yangu.

Viti vilikuwa vimepangwa tayari. Nikiwa katikati ya ua, ralonji ilinasa kwenye mguu wa kiti. Nilivuta, haikuja. Nilimwita mke wangu anifungulie. Ninaandika wazi hapa kwamba mimi ndiye niliyemwita, kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba alipita tu. Kelele ilikuwa kubwa, sikumsikia akijibu, na sikuona amekwisha kufika, ameinama kwenye kiti. Nilidhani hajanisikia. Niligeuka kumtafuta, kidole bado kikiwa kwenye kitufe, na mdomo wa mashine uligeuka pamoja nami. Ulipita juu ya kokoto kavu, karibu kabisa na ardhi, na kichwa chake kilikuwa palepale chini.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja juu ya jicho la kulia. Niliachia kitufe. Nilisikia kuku akikwaruza bati.

"Papa, kitu kimeingia," alisema.

Nilimwambia ni vumbi, anawe. Niliisukuma miwani hadi kwenye paji la uso ili nimtazame vizuri, nikamfungua kope kwa vidole vichafu. Jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi, sikuona kitu kingine. Yeye kwa jicho la pili hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama paji la uso wangu, pale miwani ilipokaa.

Hospitali haikuwa mbali. Pikipiki zilikuwa langoni. Lakini wageni walikuwa njiani, na nilifikiri juu ya maneno nitakayowaambia wale vijana wa pikipiki, ambao wangejua mara moja. Niliona aibu ya kuchekwa kuwa kubwa kuliko jicho la mke wangu. Nilikwenda farmasi ya njia panda, nikaeleza kwamba mtu ameingiwa na vumbi, nikapewa matone, na muuzaji hakuuliza mtu huyo yuko wapi. Nilirudi nikamtia matone, nikamwambia itapita.

Wageni walikuja wakasali. Mke wangu aliwapa chai akiwa amejifunika jicho kwa ncha ya kitenge. Watu walisifu ua, jinsi ulivyo safi, na mimi niliitikia sifa hizo kwa kichwa. Mama mmoja mzee alimuuliza jicho lina nini. Alijibu ni vumbi ya kiangazi tu. Alinifunika mbele ya watu kwa kitenge kilekile alichojifunikia jicho. Nami nilimwacha afanye hivyo, nikaomba nyongeza ya sukari.

Siku zilizofuata jicho lilianza kutoa usaha. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana, na ukimsogelea kulikuwa na harufu, nyembamba, tamu, kama ya tunda lililolala kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa akilala ameelekea ukutani. Nilipomwambia twende hospitali, aliinuka akavaa viatu. Alikuwa amekwisha kuwa tayari, ila alikuwa anasubiri niseme.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana. Alimtazama kwa muda mrefu na taa yake, akasema kijiwe kilikata kile kioo cha mbele cha jicho, kidonda kikaingiwa na ugonjwa, na ugonjwa umekwisha kula ndani. Alisema kama tungekuja siku ileile ingekuwa habari nyingine. Aliuliza imetokeaje. Nilianza kumweleza, na maelezo yangu yalikuwa marefu: mashine, kijana wetu wa Ulaya, kiangazi, jumuiya, mkaratusi wa jirani. Alinisikiliza hadi nikachoka mwenyewe. Halafu akauliza kama mashine ile haikuja na miwani ya kukinga macho.

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Miwani ilikuwako, dokta. Moja."

Daktari hakunitazama tena. Aliandika dawa, akamweleza mke wangu, si mimi, kwamba watajaribu kuliokoa jicho lenyewe lisitolewe, lakini kuona asitegemee. Ndivyo ilivyokuwa. Jicho lilibaki mahali pake, jeupe katikati kama ute wa yai lililochemshwa, na halioni mwanga wala kivuli.

Kijana wetu alipiga simu siku hizo akauliza mashine inaendaje. Nilimwambia inaenda vizuri. Alikuja kuyajua kwa dada yake. Alinipigia tena, na hakunigombeza, alisema tu kwamba yeye akiwasha mashine kama ile, hakuna mtu mbele yake, hata mbwa, na akiona changarawe anaizima na kuchukua reki. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hivyo tangu mwanzo. Alisema alidhani najua, kwa kuwa naishi juu ya mawe.

Kwa hiyo nitasema sasa nilichokuwa nakijua nikajifanya sikijui. Kwenye kokoto zetu mashine ya upepo isiwashwe, hata kwa nguvu kidogo. Mwenye sakafu ya saruji aokote kwanza mawe na vitu vigumu, anyunyize vumbi kidogo, asubiri pasiwe na maji yanayosimama, na waya aupitishe nyuma yake mahali pakavu. Ukinasa, azime mashine kwanza ndipo aende kuufungua mwenyewe, asiite mtu. Asigeuke nayo ikiwa inawaka. Mtu yeyote aliye ndani ya boma aingie nyumbani au avae miwani kama yeye. Kama miwani haitoshi watu wote, basi ufagio upo. Kitu kikiingia jichoni, hospitali siku hiyohiyo, na wageni wasali bila nyinyi.

Baada ya hospitali tulipaswa kulisafisha jicho nyumbani, kwa pamba na maji yaliyochemshwa na kupozwa. Nilisema nitafanya mimi. Nilitaka kufanya. Mara ya kwanza nilipolainisha kope zikaachana, usaha ulitoka ukateremka hadi kwenye kidole changu, wa moto, wa manjano. Mkono niliuzuia usirudi nyuma. Uso sikuuzuia, nikaukunja. Niligeuka nikatema mate nje ya mlango, kisha nikarudi na pamba nyingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi niliyemeza mavi ya bata kwa kiburi nilishindwa kumvumilia mke wangu kidonda nilichomtia mwenyewe.

Alikuwa ananitazama kwa jicho la kushoto, na halikufumba.

"Papa, acha," alisema. "Nitaita mutoto."

Binti yetu anakaa Kibati. Alikuja siku ileile, akamsafisha mama yake bila kukunja uso, akiimba imba kwa sauti ya chini kama anayemwosha mtoto mchanga. Aliuliza kama mama aende naye kwake hadi dawa ziishe. Nilikubali upesi, na kuna nafuu fulani iliyonipitia kifuani, ambayo naikumbuka kwa kinyaa kuliko usaha wenyewe. Mke wangu alifunga nguo zake chache kwenye kitenge. Aliponiaga alinishika mkono kama anavyowashika wageni.

Jirani, yule mama wa unyoya, alikuja kunipa pole. Hakufanya mzaha. Baada ya siku chache mtu mwingine wa mtaani akaja kuuliza kama naweza kumuuzia elikopta, kwa kuwa haitumiki. Nilikata waya wa mashine mbele yake kwa panga, nikaipasua plastiki kwa jiwe. Alidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Hiyo ndiyo mara pekee katika habari hii yote niliyomkatalia mtu asiye mke wangu.

Dawa ziliisha. Mke wangu hakurudi. Mwanzoni binti alisema anapumzika kidogo, halafu akaacha kusema. Nilipanda pikipiki hadi Kibati. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo, kichwa amekiinamisha upande mmoja ili jicho la kushoto lifike kila mahali. Alinikaribisha vizuri. Aliniuliza kama nakula, kama kuku wanataga, kama shati hili ndilo nililolifua mwenyewe. Wajukuu walikuwa wanapita pita, na kila mmoja aliyepita kulia kwake alianza kwa kumgusa bega, wamekwisha kujifunza.

Nilimwambia nimekuja kumchukua. Nilimwambia mashine nimeivunja, kokoto nitaziondoa, nitamwaga mchanga, na ua nitaufagia mimi. Nilimwomba msamaha, kwa maneno, kwa mara ya kwanza. Aliendelea kuchambua. Alisema jicho hanidai, anajua sikukusudia.

"Basi turudi nyumbani, mama," nilisema.

Aliweka ungo chini.

"Kule nilikuwa nakuambia jambo, unanijibu na karatasi. Huku nikisema maji, wanaleta maji." Alikung'uta maganda kwenye kitenge chake. "Na ile sura yako siku ya pamba, papa, ninaiona hata na hili jicho lenye halione."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningesubiri ipoe. Aliniletea chakula, nikala, na jioni ilipokaribia aliniambia nipande pikipiki mapema kabla barabara haijawa mbaya. Nimekwenda tena mara nyingi baada ya hapo, nikiwa na sukari au sabuni. Kila mara ananipokea, kila mara ananisindikiza hadi barabarani, na ombi la kurudi nimeacha kulitoa kwa sababu jibu lake najua.

Kukubali mashine ile kulinigharimu jicho la kulia la mke wangu, na baada ya jicho, mke wangu mwenyewe. Yeye anaishi Kibati kwa binti yetu, mimi naishi Goma peke yangu, na hatarudi.